“Dada, mwambie baba chuo kimebadilisha utaratibu”

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, nina miaka 33 na watoto wawili. Jioni na Jumamosi nauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, maana mshahara wenyewe unaujua. Naomba usinitaje. Nimegeuza mambo mawili matatu humu ndani kwa sababu wajukuu humsomea baba yangu safu yako kwenye simu.

Tumezaliwa watano. Mimi ndiye wa kwanza, na kitinda mimba wetu ana miaka 20. Septemba mwaka jana alikwenda Marekani, jimbo la Washington, kwenye chuo cha miaka miwili ambacho ukimaliza unahamia chuo kikuu. Baba aliuza eka mbili za kahawa kule Mbozi, mimi nikachukua mkopo wa saccos ambao bado nakatwa, na kaka zangu nao wakachanga. Siku ya kumsindikiza watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa juu ya matofali.

Chuo chao hakina semista. Wana kitu wanakiita kwota, yaani mwaka umekatwa vipande vinne. Kila kipande kina wiki 10 za masomo, ya 11 ni mitihani, halafu mnaanza vitu vipya. Vipande vitatu ni vya lazima na cha kiangazi ni hiari. Baba alipoelezwa alifurahi sana. Yeye ni mkulima, akapiga hesabu ya shambani: anayevuna mara nne atamtangulia anayevuna mara mbili. Mpaka leo kanisani anawaambia wazee wenzake kwamba kijana wake atamaliza kabla ya watoto wao walioko Dodoma na Morogoro.

Wiki mbili zilizopita simu iliita saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nawasha mkaa. Kwao ilikuwa bado jana yake, saa kumi na mbili jioni. Shangazi, mtoto analia. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na sikuwahi kumsikia akilia vile tangu alipovunjika mkono.

Kwota ya kwanza ilikwenda vizuri. Hii ya pili iliyoanza Januari ana masomo matatu: kemia, hesabu na uandishi wa Kiingereza, kila moja krediti 5, ndivyo wanavyopima uzito wa somo. Wiki ya tatu aliugua mafua makali akalala siku sita. Alipoamka akakuta darasa limeshasonga mada mbili. Mtihani wa kwanza wa kemia alipata 41, wa pili 48. Tena anafanya kazi jikoni hapo hapo chuoni saa 15 kwa wiki. Akaniambia, “Dada, huku ukikohoa tu, mada imepita.”

Sasa ana rafiki, Mkenya, yuko chuo cha semista jimbo jingine, anamwambia kule watu wanapumua. Mdogo wangu anataka kwota hii ikiisha mwezi wa tatu aondoke, ahamie chuo cha semista. Anahitaji hela ya maombi na ya kuhama. Na hapo ndipo penye moto: anataka nimwambie baba kwamba chuo ndicho kimebadilisha utaratibu, hivyo wanafunzi wanahamishwa. Asijue habari ya kemia.

Mimi nilisoma ualimu Iringa, kwa semista, nimepanga chumba Kihesa. Naijua semista. Wiki tatu za mwanzo tulikuwa tunasubiri bumu tu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, hakuna aliyefungua daftari, na bado tulimaliza. Ndiyo maana naona labda mdogo wangu yuko sahihi, wenzetu wanawakimbiza watoto bila sababu. Lakini kumdanganya baba, mzee aliyeuza shamba!

Nikuambie na jingine ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wa pili nilipata sapu, yaani somo la kurudia mtihani, moja. Nilimwambia baba narudi chuoni mapema kwa ajili ya usajili, nikapanda basi, nikafanya mtihani, nikafaulu. Yamepita miaka 11. Kwa hiyo nikisema simdanganyi baba, nasikia kama najicheka.

Ipi bora, kwota au semista? Na baba nimwambie nini? Mdogo wangu anasubiri jibu, na kila nikiona simu inawaka alfajiri tumbo linanikata.

Dada Mkubwa, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu. Pole na mkaa wa alfajiri, na pole na saccos.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la kalenda za vyuo. Mara ya pili nikaona watu watatu ambao kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake daftari. Baba ana hesabu ya mavuno manne, mdogo wako ana ya kupumua, nawe una ya ile sapu. Wacha nianze na za wanaume, ni rahisi zaidi.

Baba amekosea, ila kosa lake ni la heshima, maana hata mimi ningedhani hivyo. Kwota haimalizi mapema. Shahada ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 180 za kwota au krediti 120 za semista, na zote hizo ni miaka minne. Krediti moja ya semista ni sawa na moja na nusu ya kwota, basi. Kijana husoma krediti 45 kwa mwaka huku, mwenzake 30 kule, na wote wako mahali pamoja. Anayewahi kumaliza ni yule anayesoma na kiangazi pia, akiwa na nguvu na ada ya kufanya hivyo. William Rainey Harper, aliyefungua Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892 kwa mpango huo wa vipande vinne, alitaka chuo kisifungwe miezi mirefu ya kiangazi.

Mdogo wako naye nina la kumuuliza. Kemia ya mwaka mmoja kwa kwota ni vipande vitatu vya wiki 10. Kwa semista ni vipande viwili vya wiki 15. Zijumlishe, mwalimu: ni wiki 30 huku na wiki 30 kule, na mada ni zile zile. Kwa hiyo anaposema wanakimbizwa, anasema kweli kuhusu kitu fulani, lakini sina hakika kama ni kile anachodhani. Kwenye kwota huwa na masomo matatu, mara nyingine manne. Kwenye semista angebeba manne au matano kwa mpigo. Mbio za somo moja moja hazipishani sana. Kinachopishana ni idadi ya mizigo kichwani, na siku unayotakiwa kuitua chini ihesabiwe.

Na siku hiyo ndiyo inayouma. Kwenye kwota mtihani wa kwanza unakuja wiki ya tatu au ya nne, kabla hujamjua mwalimu kwa sura. Ukiugua siku sita umepoteza kama sehemu ya kumi ya somo zima. Kwenye semista ingekuwa sehemu ya kumi na tano. Hapo semista inashinda na sibishani na Mkenya wake. Mtoto aliyetoka mbali, anayesoma kwa lugha ya tatu, anahitaji muda wa kujikwaa, na wiki 10 hazina nafasi ya kujikwaa.

Lakini wewe umeniandikia kwamba wiki tatu za mwanzo Iringa hamkufungua daftari. Mimi nimelea wanafunzi wa hosteli mji huo huo miaka mingi, na nawajua waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Wengi wao hawakuwa wazito. Semista iliwapa utulivu mrefu, wakaulalia, na wiki ya 12 ikawakuta na masomo sita yote yakidai kwa pamoja. Uliowaona wakimaliza ni wale mliomaliza nao. Sasa jiulize, huyo mdogo wako ni mtu wa aina gani? Ni yule anayehitaji muda ili aelewe, au ni yule ambaye akipewa muda anautumia mpaka siku ya mwisho? Umembeba mgongoni, unamjua kuliko mimi.

Kuna jambo jingine linalofanya kwota isiwe adui kiasi hicho. Kipande kikiharibika, kimeharibika kipande tu. Semista ikiharibika, nusu mwaka umekwenda. Mwalimu asiyeeleweka unamvumilia wiki 10, si 15. Na kama somo linafundishwa tena kipande kinachofuata, unalirudia mwishoni mwa Machi au Aprili, hungoji mwaka mwingine. Wenyewe Wamarekani hawajakubaliana. Chuo kikuu cha Berkeley walijaribu kwota, wakarudi semista mwaka 1983. Ohio State walihama kwota mwaka 2012. Stanford na Dartmouth mpaka leo wako kwenye kwota na hawana dalili ya kujutia. Watu wenye maprofesa wa kila aina wamelibishania hili miaka mingi. Mimi na wewe tusijitie kulimaliza Mwanjelwa.

Sasa habari ya kuondoka Machi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nisamehe.

Akitoka Machi, ataingia wapi? Vyuo vya semista vilianza muhula wao Januari, na muhula mwingine ni mwishoni mwa Agosti. Katikati pana pengo la miezi mitano au zaidi. Na kijana yuko kule kwa viza ya mwanafunzi: anayehama chuo anatakiwa aanze masomo chuo kipya ndani ya miezi 5. Hapo atakuwa anacheza na siku chache za kalenda, na uhalali wake wa kuishi nchi ile uko mezani. Halafu krediti zake. Somo lake la krediti 5 likihamia kwenye semista huhesabika kama 3.33. Chuo kipya kikitaka 4, amepungukiwa, na mara nyingine huambiwa arudie au ajazie. Kemia ndiyo mbaya zaidi. Mtu aliyesoma vipande viwili kati ya vitatu hawezi kuingia vizuri kwenye nusu ya pili ya semista. Kuna mada atazisikia mara mbili na nyingine hatazisikia kabisa. Ndiyo maana wanaohama huambiwa wamalize kwanza mfululizo mzima, au wamalize krediti 90 za miaka miwili zinazohama kwa pamoja, zikahesabika 60.

Sisemi asihame. Kwenye jimbo lile lile la Washington kuna vyuo vikuu vya aina zote mbili: University of Washington ya Seattle ni ya kwota, na Washington State University ya Pullman ni ya semista. Anaweza kuitaka semista na kuipata bila kuikimbilia Machi. Anaweza kuondoka Juni, mwaka mzima ukiwa umekamilika, ingawa atakuwa hajafika hizo 90 na kila chuo kitajichagulia krediti zipi za kupokea. Anaweza kukaa mpaka mwakani, akizoea au akiteseka, na hilo la kuteseka silifanyii mzaha. Kila njia ina ushuru wake.

Lililo karibu zaidi, ambalo hukuniuliza, ni wiki hii. Mtoto anayelia usiku anaweza kuamka asubuhi akajitoa kwenye kemia kwa kubonyeza kitufe. Mwambie asibonyeze bado. Ana krediti 15. Akitoa 5 zinabaki 10, na mwanafunzi wa kigeni wa ngazi yake kwa kawaida anatakiwa asipungue 12. Akishuka bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni amevunja masharti ya viza, hata kama nia yake ilikuwa njema. Ruhusa ipo. Hutolewa kwa ugonjwa wenye cheti, na hutolewa pia kwa mgeni aliyelemewa mwanzoni na lugha au na namna yao ya kufundisha, ila ni lazima iombwe kabla ya kujitoa. Akijitoa kihalali kabla ya tarehe ya mwisho, matokeo yake yataandikwa W, alama ya kujitoa, ambayo haiingii kwenye GPA, yaani wastani wa alama zake. Akibaki akafeli, F inaingia. Na akibaki akapambana? 41 kwenda 48, baada ya kulala siku sita, kwangu mimi ni mtu anayepanda. Lakini sijui wiki zilizobaki zinadai nini, na yule mwalimu wake wa kemia anajua. Je, ameshamwendea? Wanafunzi wetu wana tabia ya kumwogopa mwalimu kama hakimu. Kule mwalimu hutenga saa za kukaa ofisini akingoja wanafunzi, na wengi hawaendi. Na hizo saa 15 za jikoni, zinalipa nini hasa ambacho ninyi mliobaki hamkukijua?

Sasa tuje kwako.

Sapu yako ilikaa kimya miaka 11 na haikumdhuru mtu, kwa hiyo ndani yako umejifunza kwamba mambo haya ukiyanyamazia hupita. Nakuomba uliangalie tena hilo. Ulinyamaza, ndiyo, lakini pia palikuwa na mtihani wa pili uliokungoja, na nauli ya kutoka Mbeya mpaka Iringa ulikuwa nayo. Kule aliko hakuna sapu. Ukifeli somo unalirudia lote na kulilipia ada upya, kwa hela ya baba na ya saccos yako. Njia uliyopitia wewe haipo kwenye ramani yake. Kimya kinabaki kimya tu, hakina mtihani wa Septemba mwishoni mwake.

Na huo uongo anaokuomba hauna miguu mirefu. Chuo kilichobadilisha utaratibu kitakuwa kimebadilisha kwa wote, na kanisa lenu lina watoto waliotawanyika dunia nzima. Akiusikia kwa mwingine, mzee atajua kwamba watoto wake wawili walimgeuza mtu wa kudanganywa kwa hela yake mwenyewe. Upande wa pili, ukimwambia kila kitu kesho asubuhi bila mdogo wako kujua, umemwokoa nani? Mtoto aliyekuamini akalia mbele yako anaweza asikupigie tena, na simu hiyo ya alfajiri, hata kama inakukata tumbo, ndiyo kamba pekee iliyobaki mkononi mwenu. Unaweza kumpa muda: aongee na mwalimu wa kemia na ofisi ya wageni kwanza, kisha aongee na baba kwa mdomo wake, wewe ukiwa umekaa hapo kwenye kigoda. Hatari yake ni kwamba muda unayeyuka, naye akaahirisha mpaka matokeo yatoke. Unaweza kumtumia baba mdogo au mzee wa kanisa anayesikilizwa, ila uchague asiyependa kupeleka habari huku na huku. Mzee wenu sijakaa naye, sijui akipata habari mbaya huwa ananyamaza au anapaaza sauti. Unajua wewe.

Ila nina swali juu yake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi ameshaona mvua ikikata, bei ikianguka, na ugonjwa wa chulebuni ukiharibu matunda kabla ya mavuno. Unadhani kweli hajawahi kusikia kwamba msimu mmoja unaweza kuharibika na mti ukabaki? Tunawalinda wazee na mambo ambayo wao wameyaishi kabla hatujazaliwa. Pengine atakasirika. Pengine atauliza swali moja tu, “Anakula?”

Kuhusu saa: ofisi zao zinapofunguliwa saa mbili asubuhi, kwako ni saa moja usiku, umeshafunga mchele. Badala ya kungoja alfajiri akupigie amechoka, mpigie wewe saa hiyo, siku ya kazi, kabla hajaingia darasani. Msikilize kwanza, na usimweleze hizi krediti zote kwa simu moja. Anaweza kuwa anahitaji tu mtu amwambie kwamba 48 ni kubwa kuliko 41.

Na ukiona inafaa, mwambie kuhusu Iringa. Yeye anadhani dada yake hajawahi kukwama. Halafu uniandikie tena, maana umejaza kurasa na hukunitajia: sapu yenyewe ilikuwa ya somo gani?

Shangazi